Mkono wa Kulia

"Shikamoo, mwalimu," alisema mama yake. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini mdomoni, akikunja pindo la sketi ya binti yake.

"Mama, acha bwana. Nitachelewa."

"Mwalimu haitikii salamu? Ndivyo mnavyofundishwa huko chuoni?"

"Haya, marahaba. Marahaba, mama. Inuka basi."

Tangu mazoezi ya kufundisha yaanze, mama alimwamkia hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi binti alikasirika kidogo na kucheka kidogo. Leo kicheko kilikataa kutoka. Sketi ile ilishonwa kutokana na pazia ambalo mama alipewa kwenye nyumba anakofua. Ilikuwa nguo nzito ya rangi ya kahawia, na mtu asiyejua angedhani ni ya dukani.

"Imekukaa," mama alisema, akirudi nyuma mpaka akagota kitanda, maana chumba chao hakikuwa na nyuma ya kurudi. "Ila usisimame karibu na dirisha. Watakutundika."

Hapo binti alicheka. Kisha akachukua mfuko wake wa zana na kutoka haraka, kabla mama hajauona uso wake vizuri. Mama alijua kwamba leo kuna tathmini. Hakujua kwamba ni ya pili, wala kwamba katika ile ya kwanza mwanawe alianguka. Chuo hakina mchezo: anayeanguka katika zote mbili anarudi nyumbani, na hakuna cha kurudia mwaka wala cha kubembeleza. Jambo hilo alilala nalo kitanda kimoja na mama yake kwa wiki kadhaa, na hakulisema.

Alifika shuleni kabla ya kengele kwa sababu zamu ya lango ilikuwa yake. Ilikuwa yake wiki hii, wiki iliyopita na zote za kabla yake, na kwa dalili zilivyokuwa, ingekuwa yake mpaka siku ya kufunga virago. Kijitabu cha chuo kilisema mwalimu wa mazoezi apewe vipindi vichache, tena mwalimu mwenyeji awe kando yake akimwongoza hatua kwa hatua. Shule ilikisoma kijitabu hicho kwa miwani yake. Lango, mwalimu wa mazoezi. Usafi wa vyoo, mwalimu wa mazoezi. Darasa la pili, ambalo mwalimu wake alikwenda likizo ya uzazi na hakuletwa mwingine, mwalimu wa mazoezi. Chai ya ofisini ikichelewa, macho yote yalimgeukia yeye. Mshahara hapati, kwani bado anajifunza. Lakini lawama zilipokuja, ghafla alikuwa mwalimu kamili.

Watoto walimwita Mwalimu Mdogo. Mwenyeji wake, mama mnene mwenye miguu iliyovimba, aliitwa Mama Darasa na shule nzima. Siku ya kwanza alimkabidhi kipande cha chaki na lile darasa la pili, watoto tisini na kitu, wamebanana wanne wanne kwenye madawati ya wawili, akasema, "Haya mwanangu, karibu kazini," kisha akaenda kupumzika. Asilaumiwe haraka. Mara ya mwisho kupumzika ilikuwa miaka mingi iliyopita.

Kwenye tathmini ya kwanza, Mwalimu Mdogo alifundisha kama alivyofundishwa. Aliuliza swali, akangoja. Ikanyooka mikono minne, mitano hivi. Akajiambia kwamba walionyamaza ndio wanaomhitaji, akamwita mmoja wa wale wanaokaa kando ya ukuta. Mtoto alisimama, akatazama kitabu, akatazama miguu yake, akaanza kulia. Mkufunzi aliyetoka chuoni akaandika kwamba darasa halishiriki na mwalimu hana mvuto. Akamwangusha.

"Nani alikutuma umwite wa ukutani mbele ya mgeni?" Mama Darasa alimuuliza siku ile, wakiwa wawili tu.

"Si ndio wasiojua, mama?"

"Hapo ndipo ulipokosea! Mgeni hakuja kuwaona wasiojua. Amekuja kukuona wewe."

Ndipo akamfundisha utaratibu ambao haumo kwenye kijitabu chochote, lakini kila mwalimu wa shule ile aliujua. Mgeni akiingia, swali likiulizwa, darasa zima linanyoosha mkono. Anayejua ananyoosha wa kulia. Asiyejua ananyoosha wa kushoto. Mgeni anaona mikono tu mpaka dari. Mwalimu anachagua ya kulia tu.

"Lakini huo ni uongo, mama."

"Funika kombe mwanaharamu apite. Akishapita, funua, uwafundishe upendavyo."

Basi wakafanya mazoezi. Mwanzoni watoto waliuchukulia mchezo, wakacheka, wakachanganya mikono, wakachapwa kidogo na Mama Darasa, wakaacha kuchanganya. Watoto si wajinga. Kila mmoja alijua amepewa mkono gani, na waliopewa wa kushoto walijua wamepewa nini. Walikaa ukutani kama kawaida yao, ila sasa walikuwa na kazi.

Mmoja wao alikuwa binti wanayemwita Sisimizi. Alikuwa mdogo wa mwili, na hakuna aliyewahi kumwona akitembea mikono mitupu. Alfajiri alibeba ndoo za maji za jirani. Maji yakiisha alimbeba mdogo wake mgongoni mpaka kwa bibi yao, mbali upande wa pili, na kutoka huko alikuja shule mbio na fagio lake kwapani. Kila siku alichelewa. Sheria ya shule ilisema wachelewaji wapige magoti langoni mpaka kipindi cha kwanza kiishe, na mwenye lango alikuwa Mwalimu Mdogo.

Kwa siku kadhaa alimsimamia akiwa amepiga magoti, kwa sababu ndiyo sheria. Siku moja alichoka kuitazama ile shingo iliyoinama. Alichomoa kutoka mfukoni mwake boksi la sabuni, maana zana zake zote zilikuwa maboksi. Karatasi za manila zilikuwa zimepanda bei mpaka wenye duka walizificha nyuma. Akakaa chini kando ya mtoto.

"Hiki nini?"

"Sabuni."

"Umejuaje?"

"Ina harufu."

Mwalimu Mdogo alicheka mpaka akaegemea lango. Kisha akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza. Hivyo ndivyo walivyoanza. Baada ya sabuni ikaja chumvi, ikaja kiberiti, yakaja majani ya chai. Kuna neno lililochukua wiki. Lakini asubuhi moja Sisimizi aliinua macho, akatazama maandishi ya rangi yaliyokuwa juu ya lango tangu kabla hajazaliwa, midomo ikatembea, akasema polepole:

"Fu-nga la-ngo. Mwalimu! Pameandikwa funga lango!"

"Ndiyo."

"Kumbe siku zote lilikuwa linasema hivyo?"

Mwalimu Mdogo aligeuka akajifanya anamwangalia mtu njiani. Katika mazoezi yote aliyofanya, hiyo ndiyo siku pekee aliyojiona mwalimu bila mama yake kumwamkia.

"Mwalimu," mtoto alisema, akimvuta mwalimu upindo wa blauzi, "sasa mimi mkono gani?"

Alitazama huku na huku kama mwizi. "Wa kulia."

"Mgeni akija utaniita?"

"Nitakuita. Utasoma mstari wa kwanza."

"Ahadi?"

"Ahadi. Lakini sauti yako itoke. Huwezi kumnong'oneza mgeni."

Tangu hapo wakafanya mazoezi ya sauti pia. Mwalimu alisimama langoni, mtoto kwenye ukuta wa mbali wa uwanja, akapaza: sabuni, chumvi, kiberiti. Wapita njia walidhani ni biashara.

Leo, kwa mara ya kwanza, Sisimizi hakuchelewa. Alikuja nywele zimelowa maji, kola imebanwa kwa pini mahali pa kifungo.

"Mdogo wako umemwacha na nani?"

"Nimempeleka usiku usiku. Nimemwambia bibi leo nina mgeni."

Mwalimu Mdogo alimrekebishia kola, akamwambia aende darasani. Ahadi ni deni, na aliyeahidi alijua hivyo kuliko yeyote.

Mkufunzi alitarajiwa kipindi cha kwanza. Kipindi cha kwanza kikapita, na cha pili kikapita. Mwalimu Mdogo alibeba kiti cha mgeni kutoka ofisini mpaka nyuma ya darasa, akakifuta, akarudi tena kukifuta. Mkuu wa shule alipita dirishani mara mbili, akakitazama kile kiti. Wakati wa mapumziko Mama Darasa alimvuta kando.

"Nasikia umemhamishia Sisimizi kulia."

"Anasoma, mama. Haki ya nani, anasoma."

"Anasoma au anatafuna? Jana nimemsikia. Neno moja mpaka chai inapoa."

"Akipewa muda..."

"Muda wa nani? Mgeni huyu ana shule tatu leo, na bado hajafika hata moja." Mama Darasa aliketi kwenye dawati lililovunjika nje ya mlango, akavua kiatu, akaukanda mguu. "Sikiliza, mwanangu. Mimi nilianza na moyo kama huo wako. Kila mwaka nilikuwa na mtoto wangu wa langoni. Wewe ukianguka leo, kesho langoni atakaa nani? Atamfundisha nani huyo Sisimizi? Mimi? Mimi nimeishiwa. Pita kwanza. Ukipita, utamsomesha huyo mtoto mpaka mchoke."

Lilikuwa neno la mapenzi, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Neno la chuki angelikataa.

"Yupo Redio," Mama Darasa alimaliza. "Mwite Redio."

Redio alikuwa mvulana wa dawati la mbele ambaye ukimwasha hazimiki.

Mkufunzi alifika jua likiwa la utosi, akiomba radhi na kutazama saa kwa pamoja. Hakuwa mtu mbaya. Viatu vyake vilikuwa na vumbi, shati limelowa mgongoni, na kalamu yake ilikataa kuandika mpaka Mama Darasa akamwazima ya kwake. Akaketi kwenye kiti kilichofutwa.

"Endelea, mwalimu. Fanya kama sipo."

Mwalimu Mdogo aliandika sentensi za somo ubaoni. *Mama ananunua chumvi na sabuni.* Alikuwa ameutunga mstari huo kwa ajili ya mtu mmoja, kwa maneno ambayo mtu huyo aliyajua. Aligeuka.

"Nani atatusomea mstari wa kwanza?"

Darasa zima likanyoosha mkono. Hata yeye aliyewafundisha alishtuka. Mkufunzi aliinua nyusi, akaandika kitu. Na pale ukutani, kati ya mikono yote ya kushoto, ulisimama mkono mmoja wa kulia, umenyooka mpaka bega limepanda sikioni.

Alimwona. Hilo asije akalikana maishani: alimwona, na mtoto alimwona akimwona, na akatabasamu, akaanza kuinuka.

Mkufunzi alitazama saa.

"Redio," akasema Mwalimu Mdogo.

Redio akausoma mstari kwa pumzi moja. Sisimizi akakaa, lakini mkono haukushuka. Labda alidhani amekosea hesabu ya mistari.

"Vizuri sana. Mstari wa pili?"

Mikono, dari nzima. Huu wa pili, Mwalimu Mdogo alijiambia. Huu hapa namwita. Lakini mstari wa pili ulikuwa na neno *ng'ombe*, na hilo hawakuwahi kulifanyia mazoezi langoni. Akaona mtoto amekwama, akaona machozi ya tathmini ya kwanza, akaona kalamu inaandika tena *darasa halishiriki*, akaona sketi ya pazia imekunjwa imewekwa chini ya kitanda. Akamwita msichana wa dawati la tatu.

Kwenye mstari wa mwisho mkono wa Sisimizi ulikuwa umechoka. Aliushikilia kwa ule wa kushoto, kiwikoni, usianguke. Hakusema "mimi, mwalimu, mimi" kama wengine. Alingoja tu, kama mtu aliyepewa zamu yake na anajua itafika. Mkufunzi alikuwa amefunga faili na anafunga kalamu. Ilikuwa pumzi moja tu ya kulitaja jina.

"Sote kwa pamoja!" alisema Mwalimu Mdogo, na watoto tisini na kitu wakausoma mstari wa mwisho kwa kelele. Katika kelele ile hakuna aliyeweza kujua nani anasoma na nani anafungua mdomo tu.

Ofisini, mgeni alipewa soda na kuku, na Mwalimu Mdogo alisimama mbele ya meza, mikono nyuma.

"Hongera," mkufunzi alisema, akifuta vidole. "Umebadilika sana tangu mara ile. Darasa liko hai. Mkuu, mna mwalimu hapa."

Mkuu wa shule alicheka kwa raha. Mama Darasa, mlangoni, alifumba macho kama mtu aliyetua mzigo.

"Na ile ya mikono," mkufunzi aliendelea, akishusha sauti kidogo, "umeipanga vizuri. Mimi mwenyewe ndiyo iliyonipitisha enzi zangu. Kulia, kushoto." Akatikisa kichwa akicheka. "Ila kulikuwa na binti mmoja kule ukutani. Wa kulia. Hukumwita hata mara moja. Kwa nini?"

Hivi kumbe hata kombe lenyewe lilikuwa halijafunika kitu. Aliyefichiwa siri alikuwa anaiona. Alikuja kuangalia tu kama limefunikwa vizuri.

"Anasoma polepole, mzee. Lakini anajua. Mstari wa kwanza ulikuwa wake. Nilimwahidi."

"Ulifanya vizuri kutomwita. Siku ya tathmini si siku ya kubahatisha." Alitia sahihi. "Utamwita kesho. Kesho zipo nyingi."

Akanywa soda iliyobaki, akasimama, akaenda shule ya pili. Hakukuwa na mtu wa kumkasirikia. Wote walikuwa wamemsaidia.

Alimpigia simu mama yake akiwa nyuma ya vyoo, mahali pekee penye utulivu.

"Nimepita, mama."

Upande wa pili ndoo ikaanguka, kisha sauti ya mama ikaja ikiwa imelowa. "Shikamoo, mwalimu. Jamani. Shikamoo, mwalimu wangu."

Alitaka kuitikia. Neno hilo moja dogo, marahaba, halikutoka.

"Mwalimu haitikii?" mama aliuliza, akicheka na kulia.

"Kengele imelia, mama. Nitakuja."

Kengele ilikuwa imelia kweli. Kipindi cha mchana kilikuwa chake kama vyote vilivyokuwa vyake. Kiti cha mgeni bado kilikuwa nyuma ya darasa, kitupu, na yeye ndiye angekirudisha. Ubaoni sentensi zilikuwa hazijafutwa. Watoto walikuwa wamelegea kwa joto na njaa, wengine wamelaza vichwa.

Hakufundisha somo la kwenye ratiba. Alisimama kando ya ubao, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza.

"Mgeni ameondoka," alisema. "Sasa tunasoma kweli kweli. Mambo ya kulia na kushoto yamekwisha. Anayejua anyooshe, asiyejua akae, hakuna kosa. Nani atatusomea?"

Redio akanyoosha, na wengine watano, sita. Lakini hakuwatazama hao. Alitazama ukutani, akangoja. Alingoja muda mrefu, muda wote ule ambao mgeni hakuwa nao. Sasa ulikuwepo, na ulikuwa bure.

Sisimizi aliinua kichwa. Alitazama ubao, na midomo yake ikatembea kidogo, ikapita kwenye *mama*, ikapita kwenye *ananunua*, ikafika kwenye *chumvi* bila kukwama. Mwalimu Mdogo aliiona. Aliusoma mstari wote kwenye midomo ya mtoto, mpaka *sabuni*.

Kisha mtoto akanyoosha mkono. Wa kushoto.

"Sisimizi," alisema Mwalimu Mdogo, "mstari wa kwanza ni wako. Simama, mama. Soma."

Mtoto akasimama. Kola yake ilikuwa bado imebanwa vizuri kwa ile pini. Aliweka mikono nyuma, akainua kidevu kama walivyozoea uwanjani, na kwa sauti safi, iliyofika mpaka kwenye kile kiti kitupu kule nyuma, akasema:

"Sijui, mwalimu."